Kidonda cha Baba

Malava, Kakamega
11 Februari 2024

Dada yangu Rosebella,

Pokea salamu za nyumbani, ambako vumbi la Februari limeingia hadi kwenye kabati la vyombo. Mke wangu Chepkorir anakusalimu, anasema bado anaingoja ile Krismasi uliyoahidi utakuja. Tracy wetu anamaliza masomo ya umeme pale Sigalagala mwaka huu na ameshaanza kuzikosoa nyaya za nyumba. Mvua haijafika, lakini shamba tumelilima mara ya kwanza na tunatazama juu kama kuku.

Utauliza kwa nini nisipige simu. Wewe na mimi hatujawahi kuiweza simu. Tukimaliza watoto na mvua tunabaki kusikilizana tukipumua. Afadhali karatasi, kama ulivyokuwa ukiniandikia Bukura nilipokuwa nasomea ubwana shamba.

Jambo lenyewe ni dogo. Tangu mwishoni mwa mwaka nilikuwa na kiu isiyokatika. Nanywa maji, natoka nje, narudi, nanywa tena. Suruali zikaanza kunivuka. Chepkorir alinipeleka kliniki karibu kwa kunisukuma. Muuguzi alinidunga kidole, akakitazama kimashine chake, akanidunga kidole kingine kama mtu asiyeamini. Akaniambia nina ugonjwa wa sukari, na presha nayo imepanda. Nimepewa vidonge. Nimekatazwa chai ya sukari, soda na sukari nguru. Mimi huyu, mtoto wa Kabras, niliyetafuna miwa kabla ya kuota meno ya utu uzima.

Usihangaike. Nimekuandikia kwa sababu wewe presha umeizoea miaka mingi, basi nifundishe namna ya kukaa na mgeni asiyeaga.

Nduguyo,
Patroba


Wundanyi, Taita
10 Machi 2024

Mdogo wangu Patroba,

Barua yako ilifika ikiwa imelowa pembeni, maana mvua ya milima hii haifuati kalenda. Sisi tupo. Tangu mume wangu atangulie, nyumba ilikuwa imepanuka kupita kiasi, lakini kitinda mimba wangu amerudi na watoto wake na sasa hata pa kuweka kikombe sipati. Mwambie Chepkorir kwamba nimeona haya, na kwamba Krismasi ni nyingi.

Ugonjwa wako si jambo dogo, wala si kubwa la kukulaza kitandani ukingoja kifo. Nilipoanza dawa za presha nilidhani ni kama za malaria: unameza, unapona, unaacha. Sivyo. Unameza hata siku ambayo mwili unakwambia huna kitu, na hasa siku hiyo. Obusuma, huo ugali wetu, iwe kiasi cha ngumi yako, mboga ijaze sahani iliyobaki. Mrenda kula, ila usiupike na magadi mengi, na chumvi ya mezani iondoe mezani. Tembea kila siku. Wewe ulikuwa ukizunguka kata nzima kwa baiskeli ukikagua mahindi ya watu. Nasikia siku hizi hata dukani unaita bodaboda.

Na hili ndilo unijibu kwanza kabla ya mengine yote: je, una kidonda chochote mguuni?

Ulipotaja sukari nguru nilikaa nikamwona Baba. Unakumbuka alivyokuwa akirudi kutoka kule walikopikia miwa, na bonge la nguru likiwa bado vuguvugu ndani ya jani la mgomba? Alikuwa akiligawa kwa kisu cha mfukoni, na kipande kikubwa kilikuwa cha yule aliyekuwa amenuna. Wewe ulijifunza kununa mapema.

Na ng'ambo ya ile miti ya lusiola iliyo mpakani, kwa akina Simiyu, siku hizi anaishi nani? Nauliza tu.

Dada yako,
Rosebella Ayuma


Malava, Kakamega
19 Mei 2024

Dada Rosebella,

Nimekukalia kimya, najua. Mvua ilipokuja ilikuja yote. Tukapanda, tukapalilia, na sasa mahindi yananifika magotini. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mama mkwe wangu aliugua kule Nandi, tukaenda tukakaa naye; sasa anatembea hadi zizini.

Ulitaka swali la kidonda lijibiwe kwanza, nami nimekutanguliza na ndama. Kilikuwepo. Kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, buti za mpira zilinichubua wakati wa kulima. Hakikuuma, ndiyo maana sikukihesabu kuwa kidonda. Nilikipaka unga wa mizizi niliouziwa na mtu mmoja soko la Kakamega, na vidonge vya kliniki nikaviweka kando kwa sababu mtu huyo alisema dawa yake haipendi kuchanganywa. Chepkorir ndiye aliyesikia harufu. Alileta beseni la maji, akanivua soksi, akautazama mguu kwa muda, kisha akatoka kwenda kutafuta pikipiki.

Muuguzi alikuwa yule yule. Alipokuwa akisafisha aliniuliza kama kwetu kuna mtu mwingine aliyekuwa na sukari. Nikasema hakuna. Akauliza Baba alikufa na nini. Dada, unajua jibu tulilolelewa nalo. Nikamwambia Baba alilogwa mguu.

Hakucheka. Alisema, "Nieleze huo mguu."

Nikamweleza. Jinsi Baba alivyojikata kwa jembe mwaka ule wa 1981, jeraha dogo ambalo mtoto angelisahau, na jinsi lilivyokataa kufunga hadi kidole kikawa cheusi na weusi ukapanda. Jinsi alivyokuwa na kiu, mimi na wewe tukipokezana njia ya kisimani, na mtungi ukiisha kabla hatujatua mwingine. Jinsi alivyokonda mpaka pete ya ndoa ikawa inamtoka yenyewe. Na wale sisimizi, nadhani hujawasahau, waliojaa nyuma ya nyumba pale alipokuwa akienda haja ndogo, mpaka Baba mdogo Chrispinus akaita watu waje waone kwa macho yao. Yeye ndiye aliyesema sisimizi hao wametumwa na mzee Simiyu kwa sababu ya ile kesi ya mpaka.

Muuguzi aliweka pamba chini. Akaniambia, "Mzee, siwezi kumpima mtu aliye kaburini. Lakini sisimizi hawatumwi na mtu. Wanafuata utamu. Nadhani mkojo wa baba yako ulikuwa na sukari, kama wako."

Mengine aliyosema, jinsi ya kuosha na kufunga kidonda, ilibidi amwambie Chepkorir, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaenda mbali. Nilikuwa nawaona mzee Simiyu na mkewe, Mama Awinja, wakiingia langoni kwetu siku ya mazishi na gunia la mahindi, kama jirani anavyokuja msibani. Niliyaona mawe. Nilimwona mwana wao Barnaba, mchumba wako, akimkinga mama yake kwa mgongo. Na wewe umesimama mlangoni, gauni lako la harusi likiwa bado kwa fundi.

Hakuna mtu aliyemfanya Baba kitu, Dada.

Kidonda changu wanasema kitapona kwa sababu tumekiwahi. Vidonge nimevirudia, vya sukari na vya presha.

Patroba


Wundanyi, Taita
28 Julai 2024

Patroba,

Utaona mwandiko unalala upande. Mkono wa kulia una uvivu, lakini nimekataa kuandikiwa. Baridi ya huku imeshika, kabichi zimefunga vizuri, na mjukuu wangu mkubwa amejua kusoma bila kufuatisha kidole.

Uliyoandika nimeyasoma. Niliyasoma nikiwa nimesimama nje ya posta. Nikarudi nyumbani kwa miguu, nikakaa jikoni, na binti yangu aliponiuliza kama niletewe chai nilimtazama nikatafuta jina lake nisilipate. Mdomo ulikuwa umekwenda pembeni. Walinipeleka hospitali usiku usijaingia, ndiyo maana leo unasoma barua hii. Presha ilikuwa imepanda mno. Dawa nilikuwa nimeziacha tangu Pasaka, kwa sababu nilijisikia mzima. Ndiyo, mimi niliyekuhubiria.

Usiende kujilaumu shambani. Barua haimwangushi mtu aliyemeza dawa zake. Ulimi umerudi, na daktari anasema mkono utaufuata nikiufanyisha mazoezi, kwa hiyo nakamua nguo na kupepeta mchele kama msichana wa kazi.

Nakuomba jambo moja. Usiniandikie tena juu ya siku ya mazishi. Niandikie Baba alipokuwa mzima. Nimekuwa nikimkumbuka alivyonipeleka Kakamega kwenye usaili wa ualimu, mimi nyuma ya baiskeli na viatu vyangu mkononi visichafuke. Kwenye mwinuko alikataa nishuke. Aliimba njia nzima, na pumzi ilipomwisha alipiga mluzi. Huko ndiko ninakotaka kukaa kwa sasa.

Rosebella


Malava, Kakamega
25 Agosti 2024

Dada yangu mpenzi,

Tumekuombea kanisani, na Chepkorir ameisoma barua yako mara mbili. Kisha akasema niandike kwamba ukiacha dawa tena atapanda basi hadi huko Taita. Mimi namjua, atapanda.

Umetaka Baba mzima. Basi huyu hapa. Msimu wa kupukuchua mahindi, sote tumezunguka turubai, yeye anasimulia jinsi fisi alivyokwenda kuposa, na kila mwaka fisi huyo aliposa mahali tofauti. Aliyekuwa akicheka mpaka akalala juu ya magunzi ni mzee Simiyu. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa akija. Walikuwa wakipukuchua kwetu, kisha sote tunahamia kwao. Kumbe nilisahau miaka mingi mizuri kwa ajili ya mwaka mmoja.

Ndiyo maana nilivuka. Mazishi sitayagusa, lakini hili huwezi kulisikia kwa mtu mwingine. Kidonda kilipofunga na nikaweza kuvaa kiatu, mimi na Chepkorir tulikwenda kwa Mama Awinja. Kijia cha katikati ya miti ya lusiola kimeota msitu, ikabidi tuzungukie barabarani. Anaishi peke yake na mjukuu wa kike. Amezeeka, mgongo umepinda, ila macho ni yale yale. Mzee Simiyu ana miaka mingi kaburini, pale pale karibu na jiko.

Alitukaribisha, akatuandalia chai. Nilipomwomba isiwe na sukari akaniuliza kwa nini, na huo ndio mlango nilioingilia. Nikamweleza ugonjwa wangu, nikamweleza kiu ya Baba na mguu wa Baba na aliyosema muuguzi. Nikamwomba radhi kwa niaba ya nyumba yetu. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili.

Kisha akasema, "Mume wangu alikufa akiitwa mchawi. Hata wachimba kaburi tuliwatoa mbali. Umeniambia mimi, mwanangu, na mimi nilijua. Nenda uwaambie waliotupa mawe."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Baba mdogo Chrispinus. Alinisikiliza nusu, akasema hospitali zimetuharibu akili. Lakini Krismasi ukoo utakutana hapa kwangu kumwombea Baba, na nimeamua nitasema mbele ya wote, na majirani wataitwa.

Kuna swali lako nililoliruka. Uliuliza nani anaishi kwa akina Simiyu. Nadhani ulikuwa unamuulizia Barnaba. Alihamia Lugari baada ya mambo yale, akanunua shamba, akaoa, akapata watoto. Alifariki mwaka 2013, ghafla, akiwa shambani. Jina lake halikutajwangi kwetu, nami sikujua kama ungependa nilitaje.

Patroba


Wundanyi, Taita
29 Septemba 2024

Patroba,

Sisi ni wazima, mkono unaweza sasa kufunga vifungo.

Habari ya Barnaba ilinifikia mwaka ule ule. Rafiki yetu wa chuo cha ualimu ndiye aliyenipigia. Ilikuwa asubuhi ya kazi. Nilikunywa chai, nikaingia darasani, nikafundisha sehemu na desimali hadi kengele ikalia. Mume wangu aliniuliza jioni mbona sili, nikasema kichwa. Mwezi uliofuata zahanati walinipima, wakaniambia nina presha. Sisemi kimoja kilileta kingine. Nasema tu ndivyo vilivyofuatana.

Mume wangu alikuwa mtu mwema na nilimzika kwa machozi ya kweli. Haya mengine hayakumpunguzia kitu.

Nitakuja Krismasi. Mwambie Chepkorir atandike kitanda. Nataka kuwa nimesimama hapo utakaposema, kwa sababu mara ya kwanza nilisimama mlangoni na sikusema lolote, na hakuna aliyeniuliza.

Rosebella


Wundanyi, Taita
12 Januari 2025

Mdogo wangu,

Nimefika salama, na miguu iliyovimba safarini imerudi ndani ya viatu. Wajukuu wamemaliza ndizi zote ulizonifungia. Dawa nilimeza hata ndani ya basi. Ingokho, yule kuku wa Chepkorir, ninamsimulia kila anayepita, na mala yake, yale maziwa mgando, nimeidai iwe inakuja kila mwaka; basi itabidi niifuate.

Tangu siku ile nakuona mbele ya hema, mbele ya watu wote wale, ukivua kiatu. Sikujua utafanya hivyo. Nilidhani utaongea tu. Ukauinua mguu juu ya kiti wauone, ukasema Baba alikuwa na kidonda kama hiki, mahali kama hapa, na kiu kama hii, na sisimizi, na kwamba chako kimepona kwa vidonge na maji ya chumvi. Ukasema, "Mzee Simiyu hakumroga baba yangu. Alikuja kumzika." Baba mdogo Chrispinus aliinuka akaondoka, wewe ukaendelea kuongea kwa sauti ile ile. Wapo watakaobaki na yao, tuwaache. Lakini niliwaona wanawake wawili wazee wakienda kukaa karibu na Mama Awinja, mmoja kila upande, na wakampa maji.

Ulipokuwa ukinisindikiza stendi uliniuliza nilikokuwa alasiri ile baada ya maombi, nikakujibu kwamba nilikwenda kunyoosha miguu. Hapo kwenye kelele za makondakta nisingeweza. Nakujibu sasa.

Mama Awinja aliniomba nimshike mkono nimrudishe kwake. Tulipofika hakuingia ndani. Alikwenda hadi kwenye kaburi la mumewe, akaniambia kwamba miaka hiyo yote amekuwa akipita pale kila akienda jikoni, akiinamisha uso, kwa sababu hakuwa na la kumwambia. Akaegemea fimbo yake. Akasema kwa lugha ya nyumbani, taratibu, kama mtu anayeongea na aliyelala chumba cha pili, "Mzee, wamesema. Mbele ya watu. Mtoto wa jirani yako amesema."

Nilidhani amemaliza, nikataka kumgeuza. Lakini alikuwa ndiyo kwanza anaanza. Alimwambia bati la nyumba lilibadilishwa. Alimwambia ile kesi ya mpaka ilikwishajifia. Akamtajia ng'ombe waliokufa na waliozaa, wajukuu mmoja mmoja, nani anasoma, nani ameolewa wapi. Alimwambia hata yeye ana presha sasa na anameza kidonge cheupe kila asubuhi. Habari zote za nyumba, Patroba, zilizokuwa zimemngoja miaka yote hiyo.

Kisha akafika kwa Barnaba. Akasema, "Na mtoto wetu," akakwama. Akanitazama.

Basi nikamwambia mzee Simiyu mimi. Nilimwambia kwamba Barnaba alifariki, kwamba alikuwa na shamba zuri Lugari, kwamba aliacha watoto wanaofanana naye. Nilitaja jina lake kwa sauti, na mamaye akawa anaitikia.

Dada yako,
Rosebella Ayuma